Kutuma video nzito ng'ambo: tuanze na namba, jina la huduma baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji tuseme jambo kuhusu kutuma faili kubwa za video nje ya nchi. Zamani kazi hii ilikuwa ya vituo vya televisheni tu. Sasa inamgusa mwenye filamu anayepeleka kazi yake kwenye tamasha la Ulaya, mpiga picha anayeuza picha ghafi kwa runinga ya Uingereza, shirika linalopeleka mahojiano kwa mfadhili Marekani, na hata aliyepiga harusi ya watu ambao nusu ya ukoo wao uko Muscat. Wote huuliza swali moja: nitumie huduma gani? Na wote hujibiwa kwa jina. Huyu atasema WeTransfer, yule Google Drive, mwingine Dropbox, kama watu wanaoelekezana mgahawa.

Jina halitoshi. Huduma huamuliwa na namba tatu ambazo muulizaji mwenyewe ndiye anazo: faili zina uzito gani, intaneti yake inapakia kwa kasi gani kuelekea huko zinakokwenda, na siku ngapi zimebaki. La nne si namba, nalo ni nani analipa.

Tuanze na uzito. Kamera nyingi za siku hizi hurekodi 4K ya fremu 25 kwa sekunde kwa megabiti 100 kila sekunde. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo hizo ni megabaiti 12.5, na saa moja ya picha inakula GB 45. Mwenye saa 12 za picha ghafi ana GB 540 mkononi. Kama kamera iliwekwa kwenye XAVC S-I, muundo wa kurekodi wa kamera za Sony, ya megabiti 250, saa zile zile 12 ni GB 1,350. Filamu iliyokamilika ya dakika 90, ikitolewa kwa ProRes 422 HQ (kodeki ya Apple, yaani namna ya kubana video) ya 3840 kwa 2160, ndiyo 4K, inakaribia GB 500. Ikitolewa HD kwa kodeki hiyo hiyo ni kama GB 124. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza mteja ni je, anahitaji 4K kweli, au mkataba unasema HD na mtu ametoa 4K kwa mazoea? Hapo peke yake robo tatu ya mzigo inaweza kushuka kabla hata hujafungua kivinjari.

Kuna na kale kamtego ka Windows: diski ya GB 500 huandikwa 465 kwenye skrini, kwa sababu Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu badala ya 1,000. Mtu ananunua nafasi ya GB 500 kwenye huduma inayohesabu kwa 1,000, anapakia folda aliyoona imeandikwa 490, kumbe ni 526. Mzigo unakwama njiani na nafasi imejaa.

Sasa kasi. Kwenye matangazo ya intaneti ya nyumbani na ya ofisi huandikwa namba moja kwa herufi kubwa, na aghalabu ni ya kupakua. Ya kupakia unaweza usiijue mpaka umeshasaini mkataba. Kwenye baadhi ya vifurushi hizo mbili ni sawa, kwenye vingine ya kupakia ni nusu, au hata sehemu ya kumi. Anayetazama filamu hajali. Anayetuma filamu hana kingine cha kujali.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua GB, zidisha kwa 2.2, gawa kwa Mbps (megabiti kwa sekunde) za kupakia, unapata saa. GB 540 kwa Mbps 10 ni kama saa 120, yaani siku 5 usiku na mchana. Lakini hiyo ni kwa njia isiyo na doa, na njia ya hivyo haipo. Sisi huzidisha kwa 3 badala ya 2.2 ndipo tunampa mteja tarehe. Kwa hesabu hiyo mzigo ule ni saa 162, karibu wiki nzima. Kwa Mbps 50 ni saa 32 na ushee.

Na Mbps hizo zipimwe sawasawa. Programu za kupima kasi huchagua zenyewe seva iliyo karibu. Ukiwa Dar es Salaam, zinapima safari ya kutoka mezani kwako hadi seva iliyo hapa hapa mjini, sawa na kupima barabara ya Morogoro kwa kuendesha gari hadi Ubungo tu. Badilisha seva kwa mkono, chagua London, Frankfurt au New York kufuatana na mpokeaji alipo, kisha pima mara tatu: asubuhi, saa 2 usiku watu wote wakiwa mtandaoni, na saa 9 usiku. Tumia waya, si Wi-Fi. Utashangaa namba ya saa 9 usiku ilivyo mbali na ile ya saa 2.

Mbona umbali unapunguza kasi wakati fiba ni ile ile? Data husafiri kwa paketi ndogo ndogo, kila moja ikibeba kama baiti 1,460. Kompyuta inayotuma hutoa kiasi fulani, kisha husubiri taarifa kwamba zimefika ndipo itoe nyingine. Mpokeaji akiwa mbali, kila kusubiri ni kurefu. Paketi moja ikipotea, mtumaji hudhani njia imejaa; hupunguza mwendo kwa nusu, kisha hupanda taratibu. Chukua mfano wa safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 200, na paketi moja inayopotea katika kila 1,000. Kwa TCP, yaani utaratibu huo wa kutuma na kusubiri, ya mtindo wa zamani, muunganisho mmoja hautavuka sana Mbps 2, hata kama umelipia 100. Mitindo mipya huvumilia zaidi, lakini tabia ni ile ile. Basi mtu anayelalamika kwamba "intaneti inapiga 100 lakini video inatambaa" hajaibiwa lazima. Pengine anatumia huduma inayopitisha mzigo wote kwenye uzi mmoja.

Dawa ziko mbili. Moja ni kufungua nyuzi nyingi kwa pamoja: nyuzi 10 za Mbps 2 kila moja ni Mbps 20. Ndivyo zinavyofanya programu za mezani za huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya video, kama MASV ya Kanada. Ya pili ni kuachana na TCP na kutumia UDP, utaratibu usiosubiri taarifa ya kufika, yenye udhibiti wake yenyewe, kama Aspera, ambayo IBM iliinunua mwaka 2014. Signiant nayo iko katika kundi hili la vyombo vya wakubwa. Hizi hazitishwi na umbali, ila zina masharti. Aspera kwa kawaida hupita mlango wa UDP 33001, na mitandao ya ofisi nyingi, vyuo na hoteli imeufunga. Usipoambiwa mapema utafikiri programu ni mbovu. Halafu ina ulafi: isipowekewa kikomo itameza njia nzima, na ofisi nzima itapiga kelele. Weka kasi lengwa kwenye asilimia 80 ya ile uliyopima. Ukiweka zaidi ya uwezo wa njia, paketi zitapotea kwa wingi na utakwenda polepole kuliko ungeweka kidogo.

Kwa faili ndogo, kusema kweli, hakuna mjadala. Chini ya GB 2, hata WhatsApp inafaa, mradi utume kama hati na si kama video. Ukituma kama video inakandamizwa na rangi zinakwenda na maji. WeTransfer ya bure, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa GB 2 na sasa ni 3, inatosha kipande cha tangazo, lakini kumbuka linki ya bure hufa baada ya siku 3. Ukituma Ijumaa jioni kwa mtu aliyekwisha ondoka ofisini, Jumatatu jioni atakuwa hana kitu.

Google Drive ndiyo inayotumika zaidi hapa, nayo inahitaji maneno mengi kidogo kwa sababu ubaya wake uko upande wa mpokeaji, mahali ambapo mtumaji haoni. Nafasi ya bure ni GB 15, ikigawanwa na barua pepe na picha za simu. Ukilipia, unaweza kupakia hadi GB 750 kwa siku. Ukifika hapo inakataa mpaka saa 24 zipite. Hilo linavumilika. Tatizo ni mpokeaji anapofungua folda kwenye kivinjari na kubofya kupakua yote. Google huifunga folda hiyo kwenye zipu kadhaa za takriban GB 2 kila moja, na faili kubwa zinashuka pembeni peke yake. Zipu moja isiposhuka, mpokeaji hajui. Anafungua zilizofika, muundo wa folda umevurugika, na siku ya tatu unapigiwa simu kwamba "klipu 14 hazipo". Zipo. Hazijashuka tu. Mwambie mpokeaji tangu mwanzo atumie programu ya Drive ya mezani, au rclone.

Rclone ni programu ya bure isiyo na madirisha wala vitufe, unaiandikia amri. Inaongea na Drive, Dropbox, S3 (hifadhi ya mtandaoni ya Amazon) na nyinginezo nyingi. Kwa njia ndefu kama zetu kuna kitu kimoja cha kubadilisha: kwa Drive inapakia kwa vipande vya MB 8, na kila kipande kinasubiri jibu kutoka ng'ambo. Ongeza --drive-chunk-size 64M, kusubiri kunapungua sana. Kwa faili 4 kwa wakati mmoja itakula MB 256 za kumbukumbu ya kompyuta, si nyingi. Kasoro yake ni kwamba ukiizima katikati ya faili, faili ile inaanza upya. Zilizokwisha haizirudii.

Hapo tumefika kwenye kigezo ambacho sisi tunakiweka juu kuliko bei: je, huduma inaendelea pale ilipokatikia? Sehemu kubwa ya hasara inatoka hapa. Faili ya GB 60 ikikatika kwenye asilimia 90 na kuanza upya, GB 54 za bando zimeteketea. Na ndiyo, kupakia kunakula bando sawa na kupakua; wapo wanaoamini vinginevyo mpaka wanapokea ujumbe wa salio. Kupakia kwa kivinjari kwenye huduma nyingi ni hatari: ukifunga dirisha, kompyuta ikilala, au umeme ukikatika, mambo yamekwisha. Programu ya mezani ya huduma hiyo hiyo huwa inaandika ilikofikia, ikiwashwa inaokota pale pale. Jaribu kabla ya kulipa. Pakia faili ya GB 5, ikifika nusu chomoa waya wa intaneti, ngoja dakika 10, rudisha. Kisha zima kompyuta kabisa, uwashe. Huduma ikipita majaribio yote mawili, inafaa. Rahisi huvunja upishi, na ile isiyolipiwa ndiyo mara nyingi inayoanguka kwenye jaribio la pili.

Kama huna budi kutumia isiyoendelea, kata mzigo vipande. Kwenye 7-Zip chagua kiwango cha "Store", kisha ukubwa wa vipande 5g. "Store" maana yake hakuna kubana, na ndivyo inavyotakiwa: video imekwisha banwa na kamera, ukiibana tena utapoteza saa nzima ya prosesa upate punguzo la asilimia 1 au pungufu. Kipande kikiharibika unarudia GB 5, hurudii 60. Mpokeaji aweke vipande vyote kwenye folda moja, abofye cha 001 peke yake.

Tuseme pia kuhusu ile asilimia 99. Mstari umefika mwisho, umesimama, dakika 10, dakika 20, mtu anakosa subira anafunga na kuanza upya. Mara nyingi hakuna kilichokwama. Upande wa pili seva inaunganisha mamia au maelfu ya vipande kuwa faili moja na kuvikagua, na kwa faili ya GB 200 kazi hiyo inachukua muda. Angalia taa za ruta au kipimo cha mtandao kwenye kompyuta: kama hakuna kinachotoka lakini dirisha halijatoa kosa, liache. Kama bado kinatoka, ndiyo kwanza hakijamaliza.

Umeme nao una sehemu yake. Watu hununua UPS ya kompyuta wakasahau ruta na kile kisanduku cha fiba kilichopigiliwa ukutani. Vyote viwili vinataka umeme, na vingi vinatumia volti 12, kwa hiyo kuna UPS ndogo za bei nafuu zinazovishikilia kwa saa kadhaa. Kwenye Mac fungua Terminal, andika caffeinate -i, isilale. Kwenye Windows zima usingizi na usitishe masasisho kwa wiki moja, maana kompyuta kujiwasha upya usiku wa manane kwa ajili ya sasisho kumeharibu safari nyingi kuliko TANESCO.

Nani alipe? Hapa ndipo ushauri wetu mkubwa ulipo, na wengi hawaujui. Kampuni za ng'ambo zinazopokea video kila siku, yaani vituo vya televisheni, wasambazaji na baadhi ya matamasha, zimekwisha lipia huduma hizi kubwa. Kinachotakiwa ni wewe kuomba mlango. Mwandikie mratibu wao: "Naomba linki ya kupakia kwenu." Atakutumia ukurasa wa Aspera, Signiant, MASV, au ombi la faili la Dropbox ambalo halihitaji uwe na akaunti, na mzigo unakaa kwenye nafasi yake si yako. Gharama ni yake. Hii si kuomba msaada. Ndivyo kazi inavyofanyika kwao. Anayejilipia mwenyewe usajili wa mwaka mzima ili apeleke filamu moja amenunua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Ukilazimika kulipa wewe, tofautisha aina mbili za bei. Zipo zinazotoza kwa mwezi, zipo zinazotoza kwa kila GB. Anayetuma mara 2 kwa mwaka aende kwa GB, anayetuma kila wiki achukue ya mwezi. Uliza pia kama kupakua kunahesabiwa upya: watu 5 wa tamasha wakishusha filamu ya GB 124 kila mmoja, hiyo ni GB 620, na kwenye hifadhi kama S3 kila GB inayotoka ina bei. Huko huko S3, upakiaji uliokatika katikati huacha vipande visivyoonekana kwenye orodha ya faili, na vinaendelea kutozwa mpaka vifutwe. Weka kanuni ya kuvifuta vyenyewe baada ya siku chache.

Kabla ya kutuma chochote, panga. Kadi ya kamera inatumwa na folda zake zote kama zilivyo. Kuchomoa klipu peke yake kutoka kwenye folda za kadi kama PRIVATE au BPAV na kuacha vijifaili vidogo kunaweza kumfanya mhariri wa huko akose timukodi (namba ya muda ya kila fremu), au klipu ndefu iliyokatwa na kamera isiungane. Majina yawe mafupi, bila alama za : ? * / wala nafasi nyingi. Mac inaweza kukubali jina ambalo Windows italikataa, na Windows ina kikomo chake cha herufi 260 kwa njia nzima ya folda. Kama mhariri wa ng'ambo anahitaji tu kuanza kukata, usimpelekee ghafi kwanza. Mtolee nakala nyepesi za 720 kwa Mbps 5: saa 12 zinakuwa GB 27, zinafika siku hiyo hiyo kwa Mbps 10. Timukodi na majina ya faili visibadilike hata herufi. Yeye akate, akurudishie orodha ya klipu alizotumia, nawe upeleke ghafi za hizo tu. Katika dokumentari hiyo mara nyingi ni sehemu ndogo ya kilichopigwa.

Filamu ya sinema, yaani DCP, ina desturi zake. Ni folda yenye faili za MXF za picha na sauti, na faili za XML zinazozitambulisha. Kasi ya juu ya picha yake ni Mbps 250, kwa hiyo dakika 90 hazizidi GB 169 za picha, na ukitoa kwa Mbps 100 ni kama GB 68. Usibadilishe jina la faili hata moja; ASSETMAP, faili inayoorodhesha nyingine, inazitafuta kwa majina yale yale, na ukibadilisha, seva ya sinema haitaiona filamu. Ndani ya faili ya PKL, orodha ya mzigo, kuna alama ya SHA-1 ya kila faili, kama alama ya kidole, ndiyo maana mpokeaji anaweza kuikagua bila kukuuliza. Mwombe afanye hivyo, siyo aangalie tu kama inafunguka.

Kwa faili nyingine alama hiyo tengeneza mwenyewe. Kwenye Windows andika certutil -hashfile jina.mov SHA256, kwenye Mac, shasum -a 256 jina.mov. Inatoka safu ya herufi na tarakimu 64. Weka safu hizo kwenye faili ya maandishi, itume kwa barua pepe, mpokeaji afanye vivyo hivyo upande wake. Zikilingana, hakuna biti iliyopotea. Ukubwa kulingana si ushahidi. Faili inaweza kuwa na baiti zile zile kwa idadi na bado fremu 40 za katikati zikawa vipande vya kijani. Na kadi zisifutwe mpaka safu zimelingana.

Kuna wakati jibu si intaneti kabisa. Diski ya TB 4 ikifika Ulaya kwa msafirishaji wa vifurushi baada ya siku 4, ni sawa na Mbps 92 bila kupumzika. Wangapi wetu wana hizo za kupakia? Kipimo chetu: ile hesabu ya mara 3 ikizidi saa 72, ulizia bei ya kifurushi. Umbiza diski kwa exFAT isomeke Mac na Windows, si FAT32 ambayo haipokei faili inayofika GB 4. Ifungie kwa nywila, na nywila isiwe ndani ya boksi. Baki na nakala kamili, kwa sababu forodha inaweza kuishikilia. Tusisahau pia kwamba intaneti yenyewe inapita baharini. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi kwa siku kadhaa. Mwenye tarehe ya mwisho ya wiki hiyo na asiye na diski mkononi hakuwa na la kufanya.

Kuhusu usiri tutasema kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inagusa kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Sura na sauti ya mgonjwa au mtoto kwenye mahojiano ni taarifa zake. Ridhaa ya maandishi itaje kwamba video itatoka nje ya nchi, zipu iwekewe nywila yenye usimbaji wa AES-256, nywila ipite njia nyingine na isiwe barua pepe ile ile yenye linki, na linki iwe na tarehe ya kufa. Linki ya Drive iliyoachwa wazi kwa "yeyote mwenye linki" miaka miwili baada ya mradi kwisha ni uzembe.

Mwisho, Mhariri, tuna ombi kwa kampuni za intaneti, na tunaomba mamlaka ya mawasiliano ilisikie. Kila tangazo la kifurushi liandike kasi mbili: ya kupakua na ya kupakia, kwa herufi za ukubwa ule ule. Na pale kifurushi kinachoitwa "bila kikomo" kinapopunguzwa kasi baada ya GB fulani, GB hizo zitajwe kwenye tangazo, zisifichwe kwenye masharti, kwa sababu mtu anayepeleka GB 540 anazifikia siku ya pili au ya tatu, akiwa hajafika hata nusu ya kazi.

Wahariri wa video na mafundi wa kutuma faili,
Sinza, Dar es Salaam